Anayerithi Jina Hurithi na Deni

Ndege aina ya Junkers Ju 52 ambayo Lufthansa iliirudisha angani mwaka 1986 ilikuwa na usajili wa aina mbili mwilini mwake. Ubavuni, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali, iliandikwa D-AQUI. Huko mkiani, kwa herufi ndogo, iliandikwa D-CDLH. Zile ndogo ndizo zilizotambuliwa na sheria. Ujerumani ya leo hugawa herufi za usajili kwa uzito, na ndege ya tani kumi na kidogo haipewi D-A, ambayo ni fungu la ndege zinazozidi tani 20. Herufi kubwa zilikuwa za kumbukumbu: ndizo alizopewa mtangulizi wake, au yeye mwenyewe, mwaka 1936.

Nimesema “mtangulizi wake, au yeye mwenyewe” kwa makusudi, maana hapo ndipo penye swali. Ndege hii imepita katika mikono ya mataifa manne, imebadilishwa injini, imebadilishwa kiwiliwili, imebatizwa majina ambayo hayafanani hata kidogo. Tunaposema ni ileile tunasema nini hasa? Na kama si ileile, tuna haki gani ya kuiadhimisha?

Kwanza tuusikie wasifu wake. Ilitoka katika kiwanda cha Dessau mwaka 1936, ikiwa na namba ya kiwanda 5489. Mbunifu wa aina hiyo alikuwa mhandisi Ernst Zindel. Ilikuwa na injini tatu, moja puani na mbili mabawani, nafasi ya abiria 17, na mwili wa aloi ya aluminiamu iliyokunjwa migongo-migongo ili bati jembamba lipate nguvu bila kuongeza uzito. Lufthansa iliipa jina la Fritz Simon. Haikukaa sana, iliuzwa kwa DNL, shirika la ndege la Norwe, ikaitwa Falken, yaani kozi. Wanorwe walikuwa na bahari nyingi na viwanja vichache, hivyo waliifunga maboya mahali pa magurudumu, ikawa inatua majini.

Aprili 1940 Ujerumani iliivamia Norwe. Ndege ilitwaliwa, ikarudishiwa herufi za D-AQUI, ikapewa jina jipya, Kurt Wintgens, rubani wa kivita wa Ujerumani aliyeuawa mwaka 1916. Chombo kilichozaliwa kubeba abiria na barua sasa kilibeba jina la mpiganaji. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wanorwe waliichukua tena wakaiita Askeladden. Huyo ni kijana wa hadithi zao za kale, mdogo wa ndugu watatu, anayedharauliwa na wote kwa kukaa jikoni penye majivu. Katika moja ya hadithi zake anaokota njiani vitu ambavyo wenzake wanaviona takataka, na kila alichookota kinakuja kumfaa siku ya haja. Sidhani jina lolote kati ya majina ya ndege hii liliifaa kuliko hilo, kwa sababu miaka michache baada ya vita ilipewa kiwiliwili kilichookotwa. Kile cha zamani kiliondolewa, na mahali pake pakawekwa kiwiliwili cha Ju 52 nyingine iliyojengwa wakati wa vita, namba 130714. Hati zikabaki zile za mwanzo. Katika hali hiyo iliendelea kuhudumia pwani ya kaskazini, nchi ya majira ya baridi ambayo jua halichomozi kwa wiki kadhaa, hadi katikati ya miaka ya 1950.

Mwaka 1957 ilivuka bahari kwenda Ekuador. Ilipewa jina la Amazonas, ikafanya kazi kutoka Quito, mji ulio mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, ikipeleka watu na mizigo upande wa pili wa Andes, kwenye misitu ya mashariki. Mwaka 1963 ilisimama. Ilikaa uwanjani Quito kwenye jua na mvua hadi mwaka 1969, iliponunuliwa na Mmarekani mmoja aliyeirusha hadi kwao. Baadaye, katika miaka ya 1970, ikawa mali ya Martin Caidin, rubani na mwandishi, aliyeifunga injini za Pratt & Whitney na kuiita Iron Annie. Caidin ndiye aliyeandika riwaya ya Cyborg mwaka 1972, hadithi ya rubani aliyevunjika vibaya katika ajali akaundwa upya kwa viungo vya mashine. Mtu aliyebuni hadithi hiyo alikuja kumiliki ndege ambayo kisa hicho kilikuwa kimekwisha kuitokea. Mwishoni mwa mwaka 1984 Lufthansa iliinunua, ikavushwa Atlantiki hadi Hamburg, ikafanyiwa matengenezo kwa miezi 16, na tarehe 6 Aprili 1986 ikaruka tena.

Wanafalsafa wa Ulaya wanalo fumbo la kale linalokaribia kisa hiki. Plutarch alisimulia kuhusu merikebu ya Theseus iliyotunzwa Athens, mbao zake zikibadilishwa moja moja kadiri zilivyooza, na watu wakibishana kama ni ileile. Karne nyingi baadaye Thomas Hobbes aliongeza ugumu: vipi kama mtu angeziokota mbao zote kuukuu akaunda nazo merikebu ya pili? Ni ipi basi ya Theseus? Fumbo hilo limewafaa wengi, lakini lina upungufu. Linauliza habari za mbao tu. Haliulizi merikebu ilimfanyia nani kazi gani, wala nani alipanda na nani alilazimishwa kupanda. Merikebu ya fumbo imetia nanga; ndege ninayoizungumzia ilikuwa kazini. Chombo kilicho kazini hakiwezi kueleweka kwa vipande vyake peke yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha yake iko kwa watu waliokitumia.

Wenye ulimwengu wa ndege walikwisha kulitatua swali la utambulisho kwa namna yao, na namna hiyo inafundisha. Kwao kipande cha chuma hakijitambulishi chenyewe. Ndege ina kibati kidogo chenye namba ya kiwanda, na ina madaftari yanayoandikwa saa ilizoruka, mara ilizotua, kila injini iliyofungwa na kufunguliwa, kila ufa ulioonekana na jina la fundi aliyeuziba. Vipuri navyo vina karatasi zao. Kipuri kinachong'aa, kilicho kizima kabisa, kikikosa karatasi hakiruhusiwi kufungwa kwenye ndege ya abiria. Ni chuma chakavu tu. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui taaluma inayoitii methali hiyo kwa ukali kuliko ya mafundi wa ndege.

Kwa nini ukali huo? Kwa sababu metali haisahau. Kila safari, bawa hupinda kidogo likibeba uzito na kunyooka likitua. Katika kila kupinda, kwenye matundu ya ribiti na pembe za maungio, kuna chembe ya uharibifu isiyoonekana kwa macho. Chembe hizo hujumlishana kwa miaka hadi ufa uanze. Mafundi huita hali hiyo uchovu wa metali. Chumvi ya bahari iliyoingia chini ya bati nayo huendelea kula taratibu hata baada ya maboya kuondolewa. Fundi anayeikagua leo ndege iliyowahi kuelea majini hana budi kujua kwamba iliwahi kuelea. Tumezoea kuambiana kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na kati ya majirani waliogombana maneno hayo ni dawa. Ndani ya bawa la ndege mambo hugeuka. Yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na anayekataa kuyasoma hawezi kuganga lolote lijalo.

Tarehe 4 Agosti 2018 ndege nyingine ya Ju 52, HB-HOT, iliyojengwa mwaka 1939 na kutumiwa kwa miongo mingi na jeshi la Uswisi kabla ya kubeba watalii, ilianguka karibu na kilele cha Piz Segnas. Watu wote 20 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi walieleza kwamba chanzo kilikuwa urukaji wa hatari katika bonde jembamba la milima. Lakini walipochambua mabaki walikuta pia kutu na nyufa, na kasoro katika utunzaji ambazo hazikupaswa kuwapo. Abiria wale walilipia safari ya furaha katika chombo cha zamani. Walikuwa na haki ya kupata uzee ulioandikwa kwa ukweli, ukurasa kwa ukurasa. Mapenzi kwa vitu vya kale yasipoambatana na ukweli huo huweza kuua. Muda mfupi baada ya ajali hiyo Lufthansa iliacha kugharimia safari za D-AQUI, na abiria hawakubebwa tena.

Mpaka hapa nimeongelea daftari la fundi. Liko daftari la pili, ambalo hakuna mamlaka ya anga inayolikagua: lile la maana ya kazi yenyewe. Ndilo linalonikera, kwa sababu mara nyingi tunaliandika kwa kuchagua.

Chukua zile herufi kubwa za ubavuni. Kiwiliwili kilichopakwa D-AQUI mwaka 1986 si kile kilichozivaa mwaka 1936. Kilipojengwa kilikuwa namba 130714, mtoto wa vita. Waliokitengeneza Hamburg hawakulificha jambo hilo, nao walifanya kazi ya heshima kubwa. Hata hivyo, kati ya majina yote ya ndege hii walichagua moja liandikwe kwa wino mzito, jina la ujana wake Ujerumani. Wangeweza kuandika Askeladden. Wangeweza kuandika Amazonas, jina la miaka ilipokuwa ikitumikia watu ambao kwao hapakuwa na barabara ya maana. Kuna methali inasema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Miaka ya Norwe na ya Ekuador ndiyo ubaharia wa ndege hii.

Tena hata ujana huo haukurudi mzima. Ndege za kiraia za Ujerumani mwaka 1936 zilibeba mkiani alama ya swastika, kwa amri ya serikali ya Hitler. Alama hiyo haikurudishwa, na haki ilikuwa isirudishwe. Sheria ya Ujerumani inaikataza, na hakuna mwenye akili timamu angependa kuiona ikipita juu ya vichwa vya watoto. Lakini tukishaiondoa kwa brashi hatuna budi kuirudisha kwa maneno. Mtazamaji aambiwe kwamba rangi hizi za kupendeza si za mwaka 1936 kamili. Aambiwe kwamba ndege za aina hii ndizo zilizovusha askari wa Franco kutoka Moroko kwenda Hispania mwaka huohuo wa 1936, na ni miongoni mwa zilizoupiga mabomu mji wa Guernica tarehe 26 Aprili 1937. Aambiwe kwamba Lufthansa ya wakati wa vita ilitumia watu waliofanyishwa kazi kwa nguvu. Na aambiwe kwamba Lufthansa ya leo ni kampuni nyingine kisheria, iliyoanzishwa mwaka 1953 na kulinunua jina na nembo ya ile ya kale mwaka uliofuata.

Jambo hili la mwisho naliona kuwa kiini cha yote. Kampuni iliyoundwa mwaka 1953 iliadhimisha mwaka 1986 miaka 60 tangu 1926, kwa ndege yenye kiwiliwili cha wakati wa vita na herufi za mwaka 1936. Siwacheki. Kila taasisi, kila ukoo, kila taifa hutamani kuwa na mizizi mirefu kuliko umri wake. Tamaa hiyo ni ya kibinadamu, na mara nyingi hutufanya tuishi vizuri zaidi, maana anayejua ametoka mbali huona haya kufanya upuuzi. Ninachodai ni hiki: ukitaka mizizi, chukua yote. Huwezi kusema “sisi ni walewale” siku ya keki na “sisi ni wengine” siku ya kuulizwa.

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alipochunguza nini kinamfanya mtu wa leo awe yuleyule wa jana, alifika mahali pa kusema kwamba neno lenyewe la “mtu” ni la kimahakama. Linamhusu anayeweza kusifiwa au kulaumiwa kwa alilotenda. Kwake, kuwa yuleyule ni kuweza kuyakumbuka matendo yako na kuyakubali kuwa yako. Ndege haina kumbukumbu hiyo. Chuma hakina dhambi wala thawabu, na ningemwona mjinga mtu anayekichapa kwa yaliyotendwa na waliokiendesha. Lakini kwa sababu ndege haiwezi kujikumbuka, waliokabidhiwa ndio wanaopaswa kukumbuka kwa niaba yake. Ndipo jibu la swali langu linapopatikana. Ndege hii ni ileile kwa kadiri ya watu wanaokubali kuulizwa habari zake zote. Namba 5489 na namba 130714, Falken na Kurt Wintgens, pwani ya kaskazini na misitu ya mashariki, vyote ni vyake ikiwa yuko anayesimama na kusema: hili pia ni letu, uliza. Pale mlezi anapokata kurasa, hata asipogusa ribiti moja, amekwisha kuunda ndege nyingine.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuko mbali na kisa hiki. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda, lilikuwa na jeti tano za Super VC10. Moja yao, 5H-MOG yenye usajili wa Tanzania, ilikuwa VC10 ya mwisho kabisa kujengwa, mwaka 1970. Shirika lilivunjika mwaka 1977, mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokufa. Jeti nne zilizobaki zikarudi Uingereza, zikageuzwa ndege za kijeshi za kujazia nyingine mafuta angani. Ile iliyokuwa 5H-MOG ikawa ZA150, ikaruka mara ya mwisho mwaka 2013, na imehifadhiwa Dunsfold, kusini mwa Uingereza. Wanaoitunza wanastahili shukrani zetu. Lakini ukurasa wake wa Afrika Mashariki ni wetu kuusimulia, pamoja na ukurasa wa dada yake 5X-UVA, iliyopata ajali Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 ikijaribu kusitisha safari wakati wa kupaa, watu 43 wakafa. Tukitaka kujivunia kwamba tuliwahi kuwa na ndege kubwa zenye bendera tatu, tuwakumbuke na hao 43, na tujibu kwa nini tulishindwa kukaa pamoja.

Utamaduni wetu haukutuacha mikono mitupu katika jambo hili. Kwenye misiba mingi hapa kwetu husomwa historia ya marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto wangapi. Kwa kawaida ni karatasi ya sifa tupu, na sawa, kwani siku hiyo wafiwa wanahitaji faraja. Lakini kabla watu hawajatawanyika husimama mzee wa familia akatangaza kwamba kama yupo anayemdai marehemu, asiogope, awaone wafiwa. Kwa Waislamu ni sharti: deni hulipwa kwanza, ndipo mirathi igawanywe. Hakuna mrithi anayeruhusiwa kuchukua shamba akaacha daftari la duka.

Naamini tangazo hilo lina hekima kubwa kuliko wasifu uliosomwa kabla yake. Wasifu husema marehemu alikuwa nani. Tangazo husema nani sasa anasimama mahali pake. Kwa tangazo hilo maisha ya mtu hayafungwi kama hadithi iliyokwisha. Yanapokelewa na walio hai pamoja na mizigo yake, na kwa kupokelewa hivyo yanaendelea kuwa na maana. Anayepokea sifa peke yake hajampokea mtu, amepokea picha yake.

Mwaka 2015 jiji la Hamburg liliitambua D-AQUI rasmi kuwa kumbukumbu ya kihistoria, urithi unaohamishika unaopaswa kulindwa. Ni uamuzi mzuri. Lakini urithi hauanzi kwa kupangusa vumbi. Mlezi wa chombo cha kale, awe jumba la makumbusho la Ulaya, au shirika la umma la nchi yetu, au kijana aliyeachiwa gari la marehemu babu yake, ana kazi mbili zisizotenganishwa. Ya kwanza ni kuzuia kutu. Ya pili ni kutangaza hadharani kwamba mwenye dai juu ya historia hii aje na atasikilizwa: Mnorwe aliyenyang'anywa, mfanyakazi aliyelazimishwa, abiria wa Quito ambaye jina lake halikuandikwa ubavuni. Kazi ya kwanza itakifanya chombo kidumu, na hata mwizi aweza kuifanya vizuri. Ya pili hufanywa na mrithi wa halali tu, na kwa hiyo tutamjua.